Kengele nyuma ya kitanda

Nimebeba boksi hapa Marekani miaka mingi kama wengi wetu: kuogesha wazee, kuwageuza, kubadilisha mashuka. Nilipopata kazi nyingine nikajitolea kwenye mpango wa ombudsmani, watetezi wa wakazi wa nyumba za wazee. Kila jimbo linao, ni sheria ya shirikisho. Nikasoma saa 36, nikapewa beji na nyumba moja ya kutembelea kila wiki, ambayo sikuwahi kufanya kazi.

Wiki ya tatu tu nikaharibu. Nilimkuta bibi mmoja amelowa tangu alfajiri, kengele ya kumwita muuguzi imeangukia nyuma ya kitanda. Damu ikanichemka. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja, nikataja jina la bibi na namba ya chumba. Nikarudi kwa bibi nikitarajia shukrani. Akanishika mkono, akaniambia polepole: "Wewe saa kumi unaondoka. Mimi nalala hapa."

Nilikuwa nimevunja kanuni ya kwanza kabisa: jina la mkazi na shida yake havitoki bila ridhaa yake. Kwetu mzee akiugua, ndugu wanakaa kikao, yeye anakuja kuambiwa walichoamua. Hapa bosi wako ni mzee mwenyewe, si mwanawe wala daktari. Ana sukari na anataka aiskrimu? Akishaelezwa madhara na bado anaitaka, unasimama upande wake. Mimi hilo lilinisumbua kuliko mtihani wote.

Jambo jingine gumu kwa sisi tuliotoka kwenye boksi ni mikono. Kumnyanyua au kumlisha mkazi si kazi yako tena. Unamwita mhusika, unasubiri naye.

Usizoee kwenda Jumanne asubuhi, mameneja wote wapo na sakafu inang'aa. Nenda wakati wa chakula cha jioni, nenda Jumapili. Vuta kiti ukae. Tazama glasi ya maji: mkono wake unaifikia? Na wale dada wa zamu usiwafanye maadui. Mara nyingi aliyekosea ni aliyepanga ratiba, amewaachia watu wawili korido nzima.

Ukikuta mzee anafunga mizigo kwa sababu "wameniambia niondoke", uliza barua. Kwa kawaida anastahili notisi ya maandishi ya siku 30, na ana haki ya kukata rufaa. Wengi hawajui, wanaondoka kimya kimya.

Yule bibi ilinichukua wiki mbili kuongea naye tena. Safari hii nikamuuliza anataka nifanye nini. Akafikiri, akasema waya wa kengele ubanwe kwenye shuka, karibu na mkono wake wa kushoto, basi. Nikauliza kama naweza kutaja jina lake. Akasema taja langu, la yule msichana wa zamu usitaje.