Mkondo wa Kigombe na mashine ya barafu

SWALI: Kikundi chetu cha wavuvi hapa Kigombe, Tanga, kinataka kutega mtambo mdogo wa umeme kwenye mlango wa mwamba, ambapo maji hukimbia sana, ili tuendeshe mashine ya barafu. Je, utalipa bila kuharibu bahari?

JIBU: Ndugu msomaji, jambo la kwanza kulijua ni kasi ya mkondo, kwa sababu nguvu ya maji hukua kwa mchemraba wa kasi: kasi ikizidi maradufu, nguvu huzidi mara nane. Rafadha, yaani panga la mtambo linalozungushwa na maji, likifagia eneo la mita moja ya mraba, katika mkondo wa mita 2 kwa sekunde, hupitiwa na takriban wati 4,100, nayo ikinasa theluthi moja mtapata kama wati 1,400. Mkondo ukiwa wa nusu mita kwa sekunde, mtapata wati 21 tu, ambazo haziendeshi mashine yoyote ya barafu.

Pimeni wenyewe. Tieni nanga ngalawa mbili, mita 20 kati yake, kisha tupeni chungwa la Muheza, ambalo huzama karibu lote na hivyo halisukumwi na upepo, mhesabu sekunde linazotumia kutoka ngalawa moja hadi nyingine. Fanyeni hivyo mwezi mzima, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanaposogea kidogo), kwani anayepima siku za bamvua peke yake hununua mtambo wa ndoto.

Wazo la barafu ni zuri kuliko mnavyodhani. Mkondo husimama kila maji yanapogeuka, mara nne kwa siku, na anayetaka umeme usiokatika hulazimika kununua betri za bei kubwa; ninyi mtatengeneza barafu mkondo ukikimbia na kuihifadhi ukilala.

Kuhusu bahari, msizibe mlango. Bwawa la umeme wa kujaa na kupwa kwa maji la Rance huko Ufaransa, lililofunguliwa mwaka 1966 likiwa na uwezo wa megawati 240, lilijengwa kwa kuufunga mlango wa mto kwa takriban miaka mitatu, na viumbe wengi wa ndani wakafa. Rafadha iliyo wazi, inayozunguka polepole na kuacha nafasi pembeni, huwaachia kasa na samaki njia. Uzito wa kuushikilia mtambo ukae juu ya mchanga, kamwe si juu ya matumbawe hai. Chaza wataota kwenye rafadha na kupunguza nguvu yake. Uandaeni mtambo upandishike juu ukwanguliwe, badala ya kutegemea rangi zenye sumu.

Kigombe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki adimu wa kale), iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo nendeni kwa uongozi wa hifadhi na kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kununua hata boliti moja. Na siku ya kuchora njia ya waya, mchukueni mzee anayejua madema (mitego ya samaki) yanapotegwa, atie alama zake kwenye ramani kabla ya fundi.