Antivirusi ya bure dukani: soma leseni kwanza, kisha wajue watu walio nyuma yake

Mwaka wa pili wa steshenari yangu hapa Morogoro, mwanafunzi mmoja alikuja kuchapa ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Tulipofungua flashi, folda zote zilikuwa zimegeuka shortkati, kila moja na kilobaiti mbili tu. Akanyamaza, halafu akauliza polepole, "Kaka, kazi yangu imepotea?" Haikuwa imepotea. Kirusi kilikuwa kimezificha folda halisi, nikazirudisha kwa attrib, amri ya Windows ya kufichua mafaili. Lakini asubuhi ileile flashi hiyo ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta yangu nyingine. Kirusi alikipata kwangu.

Na antivirusi nilikuwa nayo, ya bure, kwenye kompyuta zote nne. Ilikuwa imeacha kujisasisha na kila siku inanitaka nilipie. Nilipokaa nikasoma masharti yake, nikakuta yameandikwa waziwazi: ni kwa matumizi binafsi ya nyumbani, si ya biashara. Miaka miwili nilikuwa navunja mkataba nilioukubali kwa kubonyeza kitufe tu.

Ndiyo maana nakuomba, ndugu yangu mwenye duka, shule au ofisi ndogo, utofautishe programu ya bure na programu huria. Ya bure hulipii, lakini mwenye programu ndiye anayepanga uitumie wapi na mpaka lini. Huria inakuja na haki zilizoandikwa. ClamAV, antivirusi ninayoitumia sasa, iko chini ya GPL toleo la 2, leseni maarufu ya programu huria: itumie nyumbani au dukani, igawe, fungua msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uubadilishe. Ukiigawa ikiwa na mabadiliko yako, nawe utoe msimbo wake, pamoja na mabadiliko hayo, chini ya leseni ileile. Mradi wenyewe umepita mikononi mwa kampuni ya Sourcefire mwaka 2007, kisha kampuni ya Cisco mwaka 2013, na leseni imebaki huria.

Haki hizo zina uzito hata mwenye mradi akibadili mawazo. Nessus, programu ya kukagua udhaifu wa mitandao, ilikuwa huria hadi mwaka 2005, kampuni yake ilipoamua kwamba toleo la 3 litafungwa. Msimbo wa zamani haukuweza kurudishwa kabatini. Watu wengine waliuchukua wakauendeleza, na hapo ndipo ilipozaliwa OpenVAS.

Ila soma mpaka mwisho. Vifungu vya 11 na 12 vya GPL hiyo vinasema programu inatolewa bila dhamana yoyote. Hakuna wa kumdai. Ukikwama, utasaidiwa na watu, na wengi wao hawalipwi kukujibu.

Mimi nilianza vibaya. ClamAV ilipogandisha kompyuta yangu moja, niliwaandikia wenzangu wanaoitumia: "Haifanyi kazi, nisaidieni haraka nina wateja." Siku nzima kimya. Kesho yake nikaandika upya: toleo la programu, mfumo wa kompyuta, ukubwa wa memori, amri niliyoandika, na ujumbe wa kosa nimeunakili neno kwa neno. Jibu lilikuja kabla sijafunga duka. Orodha ya alama za virusi, ambazo ClamAV inazitumia kuvitambua, peke yake inakula zaidi ya giga moja ya memori, na kompyuta yangu ilikuwa na giga mbili tu.

Basi nikatenga kompyuta moja yenye nguvu, nikaiwekea Linux, mfumo huria unaochukua nafasi ya Windows, nikaiweka pale mlangoni. Kila flashi inapita hapo kwanza. Bando pia limepumua, maana freshclam, kisasishaji cha ClamAV, inapakua alama mpya kwenye mashine moja tu. Zile za Windows nimeziachia kinga iliyokuja na Windows yenyewe, kwa sababu ClamAV huko haikai macho kulinda kila faili linalofunguliwa, inakagua unapoiagiza.

Kuhusu lugha tunayotumia kuomba msaada, sitaki kuficha uchungu wangu. XZ, programu ndogo ya kubana mafaili iliyoenea kwenye Linux, ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, tena amechoka. Akaunti zinazoshukiwa kuwa za bandia zilimsonga kwa lawama kwamba anachelewa, mpaka akampa nafasi msaidizi aliyeonekana mwema, na mwaka 2024 mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu ukapenyezwa ndani ya programu hiyo. Mtengeneza programu Andres Freund aliugundua baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH, njia salama ya kufanya hivyo, kunachelewa kama nusu sekunde. Tunapomkaripia mtu aliyejitolea, tunawarahisishia kazi watu wa namna hiyo.

Na wewe utakuwa na cha kuchangia, hata kama hujui kuandika msimbo. Siku moja ClamAV iliandika kwamba jedwali la ada la mteja wangu lina kirusi. Namshukuru Mungu sikuwa nimeweka chaguo la --remove, linalofuta moja kwa moja; natumia --move, inayohamishia faili kwenye folda ya kando. Tulilikagua jedwali tukaona ni salama, limeshukiwa kimakosa. Mteja akaniruhusu, nikatengeneza nakala isiyo na majina ya watoto, nikahakikisha nayo inashukiwa vilevile, nikaituma kupitia fomu ya mradi ya kuripoti makosa hayo. Wiki iliyofuata, baada ya kusasisha alama, nilikagua tena jedwali lile. Likapita safi.