Maswali ya Wasomaji: Kinanda Kimoja, Darasa Zima

Shikamoo mwalimu. Ninafundisha darasa la nne katika shule ya msingi mkoani Morogoro. Wanafunzi wetu wa zamani wametuletea kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61, nami nimekabidhiwa kwa sababu tu ninaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisani na ninasoma noti za solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti). Noti za mistari mitano sizijui vizuri, na darasa lina watoto zaidi ya 60. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, mwalimu. Anzia kwenye hiyo solfa unayoijua, wala usiione kuwa elimu ya daraja la chini. Katika karne ya 19 Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich nchini Uingereza, aliibuni kwa ajili ya watoto na waumini wasiojua kusoma noti. Mchungaji John Curwen akaipanga upya na kuieneza, na wamisionari wakaja nayo Afrika, kwa kuwa iliweza kuchapishwa kwa herufi za kawaida za kitabu chochote. Nguvu yake ni kwamba do haina makao ya kudumu. Unaianzisha mahali ambapo sauti za watoto zinafika bila kujilazimisha, na uhusiano wa sauti zote zinazofuata unabaki uleule.

Kwa majuma ya mwanzo kinanda kiwe chako wewe tu, cha kutolea do, na watoto waimbe, wapige makofi kufuata mapigo, wapande na kushuka kutoka do hadi do ya juu mpaka masikio yao yaizoee njia hiyo. Baada ya hapo waambie walete maboksi ya karatasi ngumu. Kila mtoto akate kipande, achore vibonyezo saba vyeupe ambavyo kwa pamoja vina upana wa sentimita 16.5, kipimo ambacho kinakaribia sana kile cha kinanda halisi, kisha apake vyeusi vitano kwa makundi: viwili, halafu vitatu. Makundi hayo ndiyo yanayomwonyesha mpigaji alipo. Kibonyezo cheupe kilicho kushoto mwa vile vyeusi viwili ni C, na kutoka hapo yanafuata D, E, F, G, A na B. Mmoja akiwa kwenye kinanda, waliobaki wanaimba huku wakibonyeza maboksi yao, na baada ya kila ubeti mpigaji anabadilishwa. Kwa utaratibu huo darasa zima linafanya kazi kwa wakati mmoja, na hata wale ambao zamu yao haikufika siku hiyo watakuwa wamejifunza.

Somo la nadharia lenye thamani kuliko yote litakuja siku utakapomwambia mtoto aliyekwisha kuzoea kupanda kutoka C hadi C, kwa vibonyezo vyeupe vitupu, aanze do yake kwenye G. Atapanda salama sauti sita, na ya saba itamgomea: sikio linadai ti, nacho kibonyezo cha F kinatoa sauti iliyo chini ya hiyo. Usimsaidie haraka. Mwache ahangaike, wenzake wacheke kidogo, na baada ya muda atakigusa kile cheusi kilicho kati ya F na G na darasa zima litajua kwamba amepata. Ni hapo tu ndipo unapoeleza kwamba safari ya kutoka do hadi do ina hatua tano nzima na nusu hatua mbili, kwamba hizo nusu ziko kati ya mi na fa na kati ya ti na do, na kwamba kati ya E na F, na kati ya B na C, hakuna cheusi kwa sababu umbali wenyewe ni nusu tayari. Vitabu vingi huanza na kanuni hiyo katika ukurasa wa kwanza, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowafanya watoto wengi waamini kwamba muziki ni tawi la hisabati lililokusudiwa kuwaadhibu.

Mistari mitano ije muhula unaofuata, ikiwa picha ya kile ambacho mkono umekwisha kukifanya. Utajifunza pamoja nao bila aibu yoyote. Ile midundo inayojipiga yenyewe ndani ya kinanda izime kabisa. Mtoto akiizoea hatajifunza kushika mapigo kwa nafsi yake.

Mwanangu yuko gredi ya tano hapa Mombasa. Daftari lake la historia ya muziki limejaa majina ya watunzi wa Ulaya na miaka yao ya kuzaliwa na kufa, naye hajasikia hata kazi moja ya hao watu. Je, historia haina namna nyingine ya kufundishwa?
*Mzazi, Mombasa*

Ipo, na inaanzia kwenye gwaride la shule. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya inatokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa mto Tana, na mwaka 1963 kamati ya wanamuziki, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, iliupa umbo tunaloimba leo. Swali linalofaa kuulizwa darasani ni hili: wimbo wa kumlaza mtoto unabadilishwa nini mpaka usimamishe umma wima? Watoto waimbe polepole, kisha kwa mwendo wa gwaride, wasikie wenyewe. Kwa wenzetu wa Tanzania, lahani ya wimbo wao wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, ambaye aliwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa solfa. Hapo nadharia na historia zinakutana katika wimbo ambao mtoto anaujua kwa moyo.

Historia ya vinanda nayo si ya Ulaya peke yake. Kinanda cha kwanza kinachojulikana, kilichosukuma upepo kwenye mabomba kwa nguvu ya maji, kinahusishwa na fundi Ctesibius wa Alexandria, nchini Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Piano ilikuja baadaye sana, yapata mwaka 1700, wakati Bartolomeo Cristofori wa Florence alipochoka na kinanda kilichodonoa nyuzi kwa nguvu ileile hata mpigaji angebonyeza vipi, akatengeneza chenye nyundo ndogo zinazotii uzito wa kidole. Watunzi wa Ulaya wasifukuzwe darasani, bali waje na sauti zao. Daftari ambalo Bach alimwandalia mkewe Anna Magdalena mwaka 1725 lina vipande vifupi ambavyo wanaoanza wanavipiga hadi leo, ingawa kimoja kilicho maarufu kuliko vyote, minueti katika G, kimekuja kujulikana kuwa ni cha Christian Petzold.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Unguja. Nikijaribu kupiga kwenye kinanda cha shule taarabu anazopiga babu kwa udi, kuna sauti moja siipati: kibonyezo kimoja kinazidi, cha jirani yake kinapungua. Kinanda ni kibovu?
*Mwanafunzi, Unguja*

Kinanda chako ni kizima, na sikio lako ni zima zaidi. Kinanda kimegawa oktava, yaani safari ya kutoka do hadi do ya juu, katika nusu hatua 12 zilizo sawa, ilhali baadhi ya maqam (ngazi za sauti) za Kiarabu, kama ile iitwayo Rast, zina sauti zinazokaa katikati ya nusu hizo. Udi hauna vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole cha babu kinakwenda panapotakiwa, na ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayodonolewa, ina vijibati vidogo vya kupandisha na kushusha kila sauti. Ganuni ilipata mizizi Zanzibar tangu Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alipomtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kuipiga. Akodiani na vinanda vilipoingia katika vikundi vya taarabu, sauti hizo za katikati ziliachiwa waimbaji na wapiga fidla. Baadhi ya vinanda vya umeme vina sehemu ya kushushia sauti moja moja kwa robo hatua. Tazama katika kijitabu chake. Ukitaka kuzisikia vizuri, nenda Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Mji Mkongwe, ambako udi na ganuni vinafundishwa.

Shule yetu, Tanga, imepewa bure piano kuukuu ya mbao. Tuipokee?
*Mwalimu Mkuu, Tanga*

Kwanza mpate fundi wa kuitia sauti aikague. Piano ina nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu ya tani nyingi, na hewa ya bahari huzitia kutu na kuvimbisha mbao; hata iliyo nzima inahitaji kutiwa sauti angalau mara mbili kwa mwaka. Ikiwa fundi hapatikani karibu, au misumari inayoshika nyuzi imelegea, shukuruni kwa heshima na muiache. Fedha za kuisafirisha mziweke kwa ajili ya kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61 vya ukubwa kamili, vinavyotofautisha mguso mwepesi na mzito, na kinachoweza kutumia betri umeme unapokatika.