Mafuriko Yakija, Dada, Anza na Daftari

Kila masika yakikaribia, simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni akina mama wenzangu, wengi wao wageni mjini kama nilivyokuwa mimi, na swali lao ni moja: maji yakiingia mtaani, sisi tusio na kitu tutawasaidiaje majirani? Wengi hutegemea nianze na habari za michango. Nawaambia watafute daftari na kalamu, wapite chumba kwa chumba wakiandika nani anaishi humo. Pesa itafuata.

Mimi nilizaliwa Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, nikaja Dar es Salaam kwa ndoa. Nimeishi Kigogo, jirani na Mto Msimbazi, muda wa kutosha kuijua tabia yake. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, unatufikia sisi, kisha unatandaa bonde la Jangwani kabla ya kuingia baharini pale Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha Pugu, sisi wa chini tunayapokea maji hata kama kwetu limedondoka tone moja tu. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa jijini kwa mafuriko, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024, mwaka wa El Niño, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vimeshaua watu 155 nchi nzima. Kwa hiyo anayeniuliza simwoni kama mtu mwenye hofu ya bure.

Kikundi chetu kina wanawake wa Kongo, Burundi, Komoro na Msumbiji, pamoja na wenyeji wa hapa hapa. Kuna wasusi, wauza vitenge, mama lishe na wafua nguo. Wageni wengi tunapanga bondeni kwa sababu kodi ya huko ni nafuu, basi maji yakija yanatukuta mlangoni. Na wengi wetu tulishawahi kukimbia na watoto mgongoni. Tunajua usiku wa kwanza wa kulala nje unataka nini, na hatungoji mtu atufundishe.

Sasa turudi kwenye daftari, maana hapo ndipo kazi yote ilipo.

Nyumba nyingi za huku ni zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, choo na jiko uani. Maafa yakitokea, nyumba kama hiyo huandikwa mara nyingi kaya moja, kwa jina la baba mwenye nyumba, ambaye pengine haishi hapo. Ndani mna kaya sita. Chumba cha mbele yuko fundi cherehani na mkewe mjamzito. Kinachofuata wamo vijana wa bodaboda wanaopokezana kitanda. Nyuma yuko bibi na wajukuu, na cha mwisho kabisa yuko msusi wa Kirundi ambaye hata jina lake kamili majirani hawalijui. Unga ukiletwa, unakuja wa kaya moja, na hapo ugomvi umeshaanza. Mwenye kulijua hili ni mpangaji. Sisi wageni tumezoea kukosekana kwenye orodha za watu, ndiyo maana jicho letu hukimbilia haraka kwa aliyesahaulika. Hiyo ndiyo nguvu yetu, itumie.

Andika jina ambalo mtu anaitwa mtaani, maana ukimtafuta kwa jina la cheti utazunguka mpaka jioni. Andika chumba, wanalala wangapi, nani ananyonyesha, nani mjamzito, nani hawezi kutembea, na namba ya simu inayopatikana. Usiulize kabila, dini wala nchi, na usidai kitambulisho. Vitambulisho vyenyewe vingi vinakuwa vimeondoka na maji. Tuna safu moja imeandikwa "dawa" tu. Hapo tunaweka alama kwa mtu anayemeza dawa kila siku, na dawa zimebaki za siku ngapi. Ugonjwa hatuuandiki kamwe. Swali hilo linaulizwa na mwanamke mmoja anayeaminika, pembeni, kwa sauti ya chini, kwa sababu daftari huweza kuangukia mkononi mwa yeyote. Mwenye presha, kisukari au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hawezi kungoja foleni ya unga iishe. Mtu wa kumsindikiza kliniki yake apatikane siku hiyo hiyo.

Daftari likijaa, nakili yake peleka kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nasisitiza hili kwa wageni wenzangu hasa. Kuna watakaosema hawa wametoka kwao wamekuja kutafuta umaarufu, au kuna pesa za wazungu wanazila. Maneno hayo yanauma, lakini usijibizane nayo. Nenda ofisini kabla hayajafika, ukiwa umefuatana na mama mwenyeji anayeheshimika, toa shikamoo yako, eleza mnachofanya, omba barua. Sisi mwenyekiti alipoona orodha yenye majina ambayo yake haikuwa nayo, alivuta kiti akakaa nasi kuilinganisha mstari kwa mstari. Anayekwenda ofisini awe mwenye karatasi zake sawa. Dada ambaye kibali chake kimeisha asisukumwe mbele kwa kuwa ana sauti nzuri ya kuongea. Apewe kazi ya jikoni, na mmsaidie kwenda Uhamiaji kunyoosha mambo yake mvua zikipita.

Jiko nitalisema kwa ufupi kwa sababu wanawake wa Dar hawahitaji kufundishwa kupikia umati. Sufuria za shughuli zipo kila mtaa, azima. Mkaa nunua sehemu za juu, wa bondeni wote umelowa. Asubuhi uji, jioni ugali au wali kwa maharage. Acheni mashindano ya nani kapika nini. Kinachotaka akili ni namna ya kugawa. Kulikuwa na bibi wa siku nyingi pale mtaani, mwenyeji kabisa, aliyewahi kutupokea wengi wetu tulipokuja bila kujua hata pa kununua maji. Godoro lake lilikuwa limelowa, unga umegeuka tope, lakini foleni hakuja. Nilipomfuata aliniambia, "Mimi nikapange foleni na bakuli, mwanangu, mbele ya watoto niliowalea?" Toka siku hiyo tukawa na hotipoti za watu kama yeye. Binti mmoja anapita uani jioni, chakula kimefunikwa kawa, anabisha hodi kama anapeleka futari kwa jirani. Kuna wazee, kuna wanaume waliopoteza biashara, kuna mama waliokuwa wanakopesha watu jana. Wote hao hawaji kwenye foleni. Ukihesabu bakuli tu, utasema wameshiba. Na kupiga picha mtu anapokea sahani ni marufuku kwetu, hata mfadhili akitaka. Mfadhili tunampa picha ya sufuria.

Maji ya kunywa ni jambo la kufa na kupona. Mafuriko hufumua vyoo vya shimo, kinyesi kinasambaa hadi visimani, na kipindupindu hakichelewi. Chemsheni au tieni dawa ya klorini, hata kama maji yanaonekana meupe. Tunaweka ndoo yenye koki na sabuni karibu na jiko, na mtoto hapewi uji kabla hajanawa. Mtu akianza kuharisha, mchanganyiko wa nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visijae kupita usawa. Mpe kidogo kidogo njiani huku mnampeleka kituo cha afya. Msikae naye nyumbani mkingoja. Ushauri wa afya unapatikana bure kwa kupiga 199, na zimamoto na uokoaji ni 114. Ndani ya nyumba yenye maji usiguse swichi wala soketi mpaka umeme ukatwe.

Pesa zikianza kuingia, ziingie kwenye laini moja, lakini mwenye laini asiwe ndiye anayenunua. Jioni mtu wa tatu anasoma ujumbe wote wa miamala kwa sauti pale uani, pamoja na makato ya wakala, na risiti zinapita mkono kwa mkono. Watoto wanasikiliza, wanaume wanasikiliza. Nimeona vikundi vizuri vikivunjika kwa shilingi elfu tano ambayo hakuna aliyeiba, ila hakuna aliyeweza kuieleza.

Jiko la pamoja lisikae sana. Watu wakishapata mahali pa kuwasha moto wao, funga. Nguvu zote zihamie kwenye mitaji, kwa sababu mama lishe aliyepoteza majiko na meza hatainuliwa na sahani ya ugali. Sisi tunatumia mfuko wa jamii wa vikoba vyetu, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, ule ambao kila mwanachama anachangia kila kikao: tunamkopesha mtu bila riba, hata asiyekuwa mwanachama, ilimradi wanachama wawili wanamjua. Msusi alinunua rasta na mafuta, muuza samaki akanunua karai na kuni. Wanarudisha taratibu. Aliyeshindwa tunakaa naye, hatumtangazi.

Kama unaniuliza la kufanya sasa hivi, kabla mvua hazijaanza, ni haya. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, siyo sauti zinazozunguka WhatsApp. Kadi za kliniki za watoto, vyeti, mikataba ya pango na vibali viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza, juu kabisa, na picha zake zitunzwe kwenye simu ya ndugu anayeishi sehemu za mwinuko. Kubalianeni mapema wazee watalala kwa nani. Pitieni daftari la mwaka jana, mfute waliohama, muandike waliohamia, na mkifika kwenye chumba kilichofungwa muulizeni jirani yake anayeishi humo ni nani.