Umepangiwa kazi Pemba? Kubali kudaiwa

Kila ajira mpya zikitoka huja Pemba walimu, wauguzi na wanafunzi wa utafiti, wengine kutoka Unguja, wengi kutoka bara, na mara nyingi mimi ndiye ninayeambiwa niwatafutie nyumba ya kupanga. Wote hupokewa vizuri. Huamkiwa njiani, hukaribishwa chai, hupewa kiti. Baada ya miezi sita utawakuta wawili watatu wamejifungia ndani wakilalamika kwamba Wapemba ni wapole lakini hawafunguki. Jawabu langu kwao ni hili: hakuna anayewadai, wala hakuna mnayemdai. Adabu hapa hupewa kila mpita njia. Mazoea huja kwa nipe nikupe.

Anza na sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, yaani mtaa au kijiji unachokaa. Wiki ya kwanza, kabla hujapanga hata nguo zako, mwombe mwenye nyumba akupeleke, na uchukue kitambulisho na barua ya kazi. Serikali inataka ujulikane umo katika shehia gani, hilo ni sawa. Lakini kubwa zaidi ni kwamba mwenye nyumba anasimama mbele ya watu na kusema huyu yuko kwangu. Aendaye peke yake huandikwa vile vile, ila mtaani ataendelea kuitwa "yule wa ofisini".

Mavazi na picha sitavirefusha: funika mabega na magoti, mwanamke awe na mtandio mkobani, usimpige mtu picha bila ridhaa yake. Ukiambiwa "njoo baada ya laasiri", fika kuelekea saa kumi jioni. Baina ya magharibi na isha usiende kumbishia mtu hodi, wengi wako msikitini au wanajiandaa kwenda.

Ramadhani ndipo utakapopimwa, hata kama hufungi. Usile wala kunywa hadharani mchana, hilo unalijua. Usilolijua ni la magharibi. Mtoto atabisha hodi na sinia lililofunikwa kawa: muhogo wa nazi, tambi, kipande cha samaki, pengine na bakuli la uji wenye pilipili manga. Wageni wengi hushukuru, hula, huosha vyombo vikang'aa, huvirudisha. Hakuna atakayekusema kwa hilo, lakini hesabu umeifunga. Chombo hapa hakirudi kitupu. Tia maembe mawili, mayai, sukari, maandazi uliyoyakanda mwenyewe hata yakiwa magumu. Wala usikimbize sahani usiku ule ule kama anayelipa deni dukani. Kesho kabla ya futari inatosha. Aliyetoka bara na apike cha kwao, makande au ndizi, ila nyama aiache kama hana hakika imechinjwa na nani. Makande yatachekwa, yataliwa, kisha utaitwa jikoni uoneshwe nazi inavyokunwa na tui la kwanza linavyotengwa na la pili. Nimeona urafiki wa miaka ukianzia kwenye mbuzi ya nazi.

Halafu msiba. Hapa ndipo wageni wengi wanapojiharibia bila kujua, kwa sababu wanangoja kuitwa. Harusini utaalikwa, msibani unakwenda mwenyewe. Ukisikia tangazo la msikiti au minong'ono dukani, omba ruhusa kazini, maana maziko mara nyingi huwa siku ile ile. Wanaume hukaa nje kwenye majamvi, wanawake huingia ndani na kanga zao. Toa pole, kaa, nyamaza. Hakuna anayekutaka useme maneno ya maana. Jeneza likitoka, watu hupokezana mabega, kila mmoja hatua chache, na mwendo ni wa haraka. Kama si Muislamu, fuata nyuma, makaburini simama pembeni, na dua ikisomwa tulia mpaka iishe. Ubani, yaani pesa ya rambirambi, mpe mwenye msiba au ndugu yake wa karibu, mkononi, bila kutangaza. Na siku ya hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, rudi tena.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu kutoka bara, skuli ya karibu na kwetu, kijana mkimya ambaye mtaa mzima ulikuwa haujui hata jina lake. Jirani alipofiwa na mama yake, kijana yule hakukaa hata jamvini. Alishika ndoo akawa anachota maji ya kuoshea masufuria mpaka watu wakatawanyika. Wiki iliyofuata seremala aliyekuwa akimpiga tarehe juu ya mlango wake alikuja bila kuitwa, na randa mkononi. Mlango ulifungwa siku ile ile.

Msimu wa karafuu ukifika, nyumba nyingi hubaki tupu mchana, watu wako mikarafuuni. Wachumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha karafuu walizochuma. Jioni ndiyo kazi ya kuchambua: kishada unakishika kwa mkono mmoja, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, karafuu zinadondoka, makonyo yanabaki. Vidole vitakuwa vyeusi na vitanuka siku kadhaa. Ukikaribishwa, kaa uchambue, maana mazungumzo ya saa ile hutayapata ofisini. Mchana karafuu huanikwa juani, majamvi kwa majamvi, hata pembezoni mwa barabara, kwa hiyo mwenye pikipiki apite mbali. Na mvua ikitisha, acha ulilonalo ukashike ncha ya jamvi, hata kama humjui mwenyewe. Ila usishawishike kununua kilo mbili tatu za kupeleka kwenu: mnunuzi wa karafuu kisheria ni shirika la serikali, ZSTC, na nje ya hapo ni magendo.

Siasa utaisikia barazani, tena sana. Sikiliza kuliko kusema. Watu waliuawa hapa Januari 2001 kwenye maandamano, na wapo waliokimbilia Shimoni, Kenya. Familia zao ndizo hizi unazosalimiana nazo. Maalim Seif, kiongozi wa upinzani wa miaka mingi na mzaliwa wa Mtambwe hapa Pemba, alifariki Februari 2021, na nyumba nyingi bado humtaja kama mtu wa nyumbani. Mgeni anayekuja na uchambuzi wake wa uchaguzi alioupata kwenye simu hukatiwa mazungumzo kwa upole, na baraza hugeukia mpira.

La mwisho ni likizo. Usipande boti ya Mkoani kimya kimya. Pita uage, kwa jirani wa kulia na wa kushoto, kwa muuza duka, na kama una deni la vocha au mkate lilipe kabla hujaondoka. Ukirudi uje na kitu cha kwenu: mchele wa Kyela, maharage, karanga, asali ya Tabora. Hakuna atakayeupima mzigo wako. Na kama nyumba zimekuwa nyingi kuliko mfuko, gawa kwa vikombe.