Chupa ya bahari imekuwa nyeupe kama maziwa, nimekosea wapi?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi nafundisha chekechea huku Mbagala, watoto wangu wana miaka minne na mitano. Wiki ijayo tunaanza mada ya bahari, nikasema nijaribu kwanza mwenyewe nyumbani ile chupa ya bahari, maji chini mafuta juu, ukiilaza na kuiyumbisha inakuwa kama mawimbi. Yangu imekuwa nyeupe kama maziwa, juu povu tupu, asubuhi mafuta yameganda, na kizibo kinavuja. Nimetumia chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoiosha kwa sabuni, rangi ya kuchorea, mafuta ya nazi na mchanga wa ufukwe wa Coco. Nisaidie.

JIBU: Nzuri sana mwalimu mwenzangu, na umefanya jambo la maana kujaribu kabla ya kuwapelekea watoto. Hiyo chupa haijaharibikia sehemu moja, kuna vitu kama vinne hapo vimekutana.

Nianze na sabuni maana ndo mchawi mkubwa. Maji na mafuta hayapatani, ila sabuni inashika huku na huku, upande mmoja inakamata maji upande mwingine mafuta, kwa hiyo ikibaki hata kidogo mle ndani ukitikisa tu mafuta yanakatika vitone vidogo vidogo mno vinaelea kwenye maji na hapo ndo unaona umaziwa. Hata povu linatoka hukohuko. Suuza chupa mara nne tano kwa maji matupu, acha ikauke. Rangi ya kuchorea nayo ina unga na gundi, lazima ichafue maji, we nunua rangi ya chakula, ile ya keki, iwe ya maji sio ya mafuta. Itie kwenye maji kabla ya mafuta, matone matatu tu yanatosha, ukizidisha inakuwa nyeusi watoto hawaoni kitu.

Mafuta ya nazi achana nayo kwa kazi hii. Yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kipindi hiki cha kipupwe usiku wa Dar unafika huko kirahisi. Alizeti inafaa ila ina unjano, mimi napenda yale mafuta ya mtoto ya maji yasiyo na rangi. Mchanga uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi kabisa, halafu weka kiganja kimoja tu. Na maji uyachemshe yapoe kwanza, la sivyo baada ya wiki mbili chupa inaanza kuota ukungu.

Ukijaza, maji yafike zaidi kidogo ya nusu, kinachobaki chote mafuta mpaka shingoni kabisa, usiache hewa, maana hewa ndo inatengeneza mapovu. Kizibo kinachovuja kinahitaji gundi, ila gundi haishiki penye mafuta, kwa hiyo futa shingo ya chupa kwa tishu yenye spiriti, ikikauka paka supagluu (we mwenyewe, mtoto asiiguse), funga, zungushia selotepu. Afu chukua chupa ya nusu lita, hiyo kubwa ni nzito kwa mkono wa mtoto wa miaka minne na ikidondoka sakafu inateleza balaa.

Sasa kitu ambacho naomba usikiruke. Kata kipande kidogo cha kizibo cha plastiki umbo la ngalawa, kitie ndani kabla ya kufunga. Ukitumia mafuta ya mtoto kitazama kwenye mafuta lakini kitaelea juu ya maji, yaani kinakaa palepale katikati. Wimbi likipita ngalawa inapanda inashuka, haiondoki kwenda na wimbi. Waulize watoto, mbona wimbi limefika mwisho wa chupa na ngalawa ipo hapahapa? Waache wabishane weee, usiwape jibu haraka, hapo ndo wanajifunza kwamba wimbi linasafiri ila maji yenyewe yanapanda na kushuka tu.

Kuhusu mapambo ya darasa, nakusihi usiprinti pengwini na dubu wa barafu. Watoto wa Mbagala wanamjua kibua, changu, dagaa, ngisi, kamba. Pitia soko la samaki la Feri asubuhi nunua kibua mmoja mzima, muoshe, mkaushe kwa kitambaa, mpake rangi ya kuchorea (hapa ndo mahali pake) alafu laza karatasi juu na ukandamize taratibu. Magamba, mapezi, mkia, vyote vinatoka kwenye karatasi, na watoto wanahesabu mapezi wenyewe. Kila mtoto anapata yake kwa samaki mmoja, wanawe mikono na sabuni baadae.

Na kama utaonyesha yai linavyoelea kwenye maji ya chumvi, bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu vijiko viwili vikubwa. Ila yai bichi la leo halielei kwenye chumvi hiyo, wengi wanakwama hapo mbele ya darasa. Kwenye glasi moja ya maji tia vijiko vikubwa vitatu vya chumvi, koroga mpaka iyeyuke, ndo yai lipande. Ukikwama tena niandikie, nitumie na picha ya chupa ikiwa imesimama na ikiwa imelala.