Kompyuta mpakato ichimbe Bitcoin usiku: nitaamka na hela?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina kompyuta mpakato ya Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8. Nakaa hosteli, umeme silipi. Rafiki yangu kanitumia WhatsApp programu ya kuchimba Bitcoin, anasema niiwashe usiku niende kulala. Imeshaonyesha nina dola 14, ila ili nizitoe natakiwa kwanza nilipe dola 10 za uhakiki. Je, inalipa kweli? Na mashine haitaharibika?

JIBU: Marahaba. Hela hakuna hapo, na hizo dola 10 usizitume. Kompyuta yako haiwezi kuzalisha dola 14 za Bitcoin hata ukiirithisha kwa wajukuu. Namba unayoiona kwenye skrini imeandikwa tu na aliyetengeneza programu.

Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ilipoanza Januari 2009, kompyuta ya nyumbani ilitosha kuichimba, yaani kuikokotolea hesabu ili upate sarafu mpya. Mwaka 2010 wachimbaji wakahamia kwenye kadi za grafiki, na 2013 zikaja mashine za ASIC, zilizoundwa kwa kazi hiyo moja tu. Kazi yenyewe ni kubahatisha: unakokotoa hashi (namba ndefu inayotoka ukipitisha data kwenye kanuni maalumu) mfululizo mpaka mmoja wenu apate inayokubalika. Mshindi hupatikana takribani kila dakika 10, na tangu Aprili 2024 zawadi yake ni bitcoin 3.125. Wachimbaji wakiongezeka, mtandao huongeza ugumu ili sarafu zisitoke haraka. Kwa hiyo kasi ya mashine yako peke yake haisemi kitu. Kinachohesabika ni fungu lako katika nguvu ya wote.

Sasa liangalie hilo fungu. Prosesa kama yako hukokotoa hashi za Bitcoin kama milioni 20 kwa sekunde. Mashine moja ya ASIC iitwayo Antminer S21 hukokotoa trilioni 200, ikila wati 3,500. Inakuzidi mara milioni kumi. Tukikadiria kwamba mtandao mzima una nguvu ya S21 milioni tano, itakuchukua kama miaka mitatu, usiku na mchana, kupata satoshi moja, yaani kipande kidogo kuliko vyote cha bitcoin. Bitcoin ikiwa dola 100,000, satoshi hiyo ni kama shilingi mbili na nusu za Tanzania.

Ethereum, sarafu nyingine ya aina hiyo, isikupotezee muda, iliacha kuchimbwa Septemba 2022.

Sarafu inayostahili mjadala ni Monero. Tangu Novemba 2019 inatumia kanuni iitwayo RandomX, iliyobuniwa makusudi ili prosesa za kawaida zisiachwe nyuma na ASIC. Inataka RAM ya zaidi ya GB 2, ambayo unayo, na MB 2 za kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) kwa kila thredi, yaani kila mkondo wa kazi wa prosesa. Core i5 nyingi za kizazi chako kwenye kompyuta mpakato zina kashe ya MB 6, kwa hiyo hata kama prosesa ina thredi nane, zitakazofanya kazi vizuri ni tatu. Tegemea hashi 1,500 hivi kwa sekunde.

Monero hutoa 0.6 kila dakika mbili, sawa na 432 kwa siku kwa dunia nzima. Nikichukua nguvu ya mtandao kuwa hashi bilioni 5 kwa sekunde, Monero moja dola 300 na dola moja shilingi 2,500, fungu lako ni kama shilingi 97 kwa siku. Mashine itavuta wati 40, karibu uniti moja ya umeme kwa siku. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, uniti pamoja na kodi na tozo inafika kama shilingi 356. Hata aliye kwenye bei nafuu ya uniti 75 za kwanza, shilingi 122 hivi pamoja na tozo, bado anakula hasara.

Utasema umeme wa hosteli ni bure. Sawa, ingawa kuna anayeulipia, na mlinzi wa hosteli akikuta vyumba kumi vinafanya hivyo hatanyamaza. Faida yako basi ni kama shilingi 35,000 kwa mwaka mzima. Betri nzuri ya kubadilisha inazidi hapo, na betri ndiyo itakayotangulia kufa: joto la mfululizo huichosha na linaweza kuivimbisha. Feni itafuatia. Prosesa yenyewe hujilinda kwa kupunguza kasi ikikaribia nyuzi joto 100, kwa hiyo mapato nayo yanashuka. Tena makundi ya wachimbaji, wanaounganisha nguvu na kugawana zawadi, yana kiwango cha chini cha malipo. Kikiwa Monero 0.1, utasubiri zaidi ya miaka miwili kulipwa mara ya kwanza, wakati huo umeshahitimu. Na ukilipwa, pa kuuzia pamepungua, maana Binance, soko la mtandaoni la sarafu hizi, iliiondoa Monero Februari 2024.

Wanaofaidi uchimbaji ni wenye umeme wa ziada usio na mnunuzi. Hifadhi ya Virunga, Kongo, imekuwa ikichimba Bitcoin kwa umeme wa maporomoko yake ya maji tangu 2020. Kenya kuna Gridless, wanaoweka mashine kwenye mitambo midogo ya maji vijijini. Mimi naiona hiyo kama biashara ya umeme zaidi kuliko ya kompyuta.

Kuhusu programu ya rafiki yako: ifute, pitisha antivairasi, kisha badilisha nywila za barua pepe na za huduma za fedha ukitumia kifaa kingine. Mwambie na yeye, pengine naye kadanganywa tu.

Kama unataka kujifunza, hilo naliunga mkono. Pakua XMRig, programu ya kuchimba Monero, kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Antivairasi italalamika, kwa sababu wahalifu huipandikiza kwenye kompyuta za watu kwa siri. Weka thredi tatu, chomeka chaja, mashine ikae mezani wala si kitandani, na fungua programu ya kupimia joto pembeni. Saa moja inatosha kuona hashi zako. Joto likipita nyuzi 85, zima.